Mkono wa Kulia wa Musimbi

Simeon alipiga simu Musimbi akiwa katika raundi ya tatu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mashine, mgongo umenyooka, mkono wa kulia ukivuta kishikio kutoka juu hadi kifuani, na kila alipokiachia taratibu vyuma vya nyuma vilishuka na kugongana. Majirani wa Soweto West, huko Kibera, walikuwa wameuzoea mlio huo. Ulipitia kwenye mabati kila asubuhi kabla chai haijachemka, na mtu akichelewa kuusikia alijua ni Jumapili. Musimbi alihesabu hadi kumi na mbili, akajifuta jasho la shingo kwa leso, ndipo akaishika simu.

"Mama, habari ya asubuhi? Ni Simeon, wa ofisi ya wakili. Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni mashine yangu. Nafanya mazoezi."

"Mashine gani?"

Musimbi akamweleza, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo, kwa sababu watu wa ofisi hawakuwa na mazoea ya kumuuliza maswali. Miaka sita iliyopita, alipoanguka kutoka ghorofa ya tatu akipangusa madirisha ya kampuni ya usafi, bega lilivunjika mahali pawili na mgongo ukakandamizwa. Madaktari walimfunga, wakamfungua, wakamwambia atashukuru akiweza kushika kikombe. Ni mama mmoja wa mazoezi ya viungo, anaitwa Eddah, aliyemwambia kwamba mfupa hautarudi ulivyokuwa, ila nyama iliyo juu ya mfupa inaweza kufundishwa kuubeba, mradi asiache hata wiki. Mume wake, Dalmas, ni fundi wa welding Kawangware, kwenye kituo cha 56. Alipata mashine ya mazoezi ya nyumbani iliyotupwa na tajiri mmoja wa Lavington, waya zimekatika, kiti kimepasuka. Alitia waya za klachi ya pikipiki, akashona kiti upya, akakata nguzo kiasi cha shibiri ili iingie chini ya paa lao. Musimbi alianza na kilo mbili na nusu huku analia. Sasa alikuwa kwenye ishirini na tano.

"Ishirini na tano," Simeon alirudia polepole. "Nani anajua hii maneno?"

"Kila mtu. Huku wananiita Mama Chuma."

Simeon alipumua kwenye simu. "Sasa nisikilize vizuri, mama. Kesi yako ya fidia imepata tarehe. Watu wa bima wanataka daktari wao akuone wiki tatu zijazo. Hiyo mashine itoke kwa nyumba. Leo, kama inawezekana. Na usiiguse tena mpaka daktari akuone."

"Lakini nikiiacha, mkono unashika. Unakauka kabisa."

"Ndio maana," Simeon alisema.

Dalmas alirudi jioni, suruali imetobolewa matundu madogo madogo na cheche za moto. Musimbi alimwekea ugali na sukuma, akamwacha ale nusu, ndipo akamwambia. Binti yao Mourine, wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akisuka nywele kwenye saluni moja hapo Kibera, alikuwa amekaa kitandani akisikiliza. Chumba kilikuwa futi kumi kwa kumi. Kitanda kilichukua upande mmoja, mashine upande wa pili, na maisha yote yaliyobaki yalipitia katikati.

"Wiki tatu tu," Dalmas alisema.

"Wewe hujui wiki tatu ni nini. Ile Krismasi tulienda ocha kijijini siku kumi, nilirudi nikiwa siwezi kufikia hiyo kamba ya nguo."

"Halafu ukafanya mazoezi ukaifikia. Si ulirudia hali yako?"

"Baada ya miezi miwili, Baba Mourine."

"Sasa unataka tufanye nini? Tumengoja miaka sita."

Mourine akaingilia. "Dad, si ukweli ni kwamba aliumia? Si watu wa hospitali waliandika?"

"Karatasi za hospitali ni za kitambo. Huyu daktari ataangalia mtu wa leo. Akiona mwanamke anavuta kilo ishirini na tano, ataandika nini?"

"Ataandika kwamba nimejikaza," Musimbi alisema.

"Hiyo fomu haina mahali pa kuandika hivyo."

Musimbi aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja. Haukuwa mzuri. Ulikuwa na kovu refu lililoanza shingoni na kushuka kama njia ya panya, na ulipochoka ulitetemeka. Lakini ulikuwa ukikamua mablanketi ya watu Kilimani siku nne kwa wiki, na ukibeba mtungi wa lita ishirini kutoka bombani. Daktari angeutazama na kuona mkono mzima. Asingeona kwamba uzima wenyewe ulitengenezwa kila asubuhi, na kila jioni ulikuwa umeisha.

"Tukilipwa," Dalmas alisema kwa sauti ya chini, "nitakununulia mpya. Ya kisawasawa. Na tutoke hapa tupate nyumba ya mawe."

Jumamosi wanaume wawili wakaja na mkokoteni kuipeleka stoo ya karakana ya Dalmas. Dalmas aliifungua mashine vipande vipande kwa spana, na kila kipande kilipotoka mlangoni, jirani yao Nasike, aliyeuza omena kando ya njia, alinyanyua shingo.

"Mama Chuma, umeuza?"

"Inaenda kutengenezwa," Musimbi alisema.

Ulikuwa uwongo wa kwanza. Pale mashine iliposimama palibaki alama nne za miraba kwenye sakafu, safi kuliko simiti nyingine yote.

Walifikiria mambo mengi siku hiyo. Waliondoa hata kalenda ambayo Musimbi alikuwa akiandikia kilo zake. Hakuna kati yao watatu aliyeikumbuka video. Mwezi wa tatu, mama yake alipofikisha miaka mitano ya mazoezi, Mourine alimrekodi kwa simu akivuta ile ishirini na tano mara kumi na mbili bila kusimama, akaiweka TikTok na maneno haya: *Walisema hatashika kikombe.* Watu elfu arobaini waliitazama. Mwanamke mmoja aliyelala hospitalini Nakuru aliandika kwamba ameitazama mara tisa. Musimbi alikuwa amefurahi siku nzima, kisha akaisahau, kwa kuwa yeye hakuwa na simu ya kuonea mambo hayo.

Wiki ya kwanza mgongo ndio ulioanza. Ya pili, bega. Musimbi aliamka asubuhi moja akahisi kama mtu amemtilia mchanga ndani ya kiungo. Mkono ulipanda hadi kifuani bila taabu, ukapanda hadi begani kwa maumivu, ukakataa kwenda juu zaidi.

Siku tatu kabla ya miadi, Simeon akapiga simu. Daktari amesafiri. Wangoje wiki mbili. Wiki mbili zilipoisha, faili ilikuwa haijafika. Halafu bima walibadilisha wakili wao, na wakili mpya akataka muda wa kusoma. Kila mara Musimbi aliuliza, "Sasa naweza kurudia mashine hata kidogo?" Na kila mara Simeon alisema, "Mama, umevumilia mpaka hapa, usiharibu sasa."

Kule Kilimani alikuwa akifulia nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza, mashuka aliyoyaanika kwenye roshani yalidondosha maji hadi kwa jirani wa chini, kwa sababu mkono haukuweza tena kukamua. Jirani akapanda juu kulalamika. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mpole. Alimwambia Musimbi akae, akampa chai na mkate wenye siagi, kisha akamwambia kwamba amepata msichana mwingine, sio kwa ubaya, ila amuonapo yeye akihangaika hivyo roho inamuuma. Alimfungia mfuko wa nguo zake za zamani. Musimbi akaubeba kwa mkono wa kushoto hadi Kibera. Zilikuwa nguo za mtu mwembamba. Hazikumfaa hata moja. Nyumba ya pili haikumpa chai.

Ikafika mahali Mourine akawa anamfunga sidiria kabla ya kwenda kazini. Walifanya hivyo bila kutazamana, mama akiwa ameelekea ukutani. Na akamchana nywele, kisha akazikata fupi, kwa sababu zilikuwa kazi. Kanisani, wakati wa kuimba, Musimbi aliinua mkono wa kushoto peke yake. Mama mmoja wa benchi ya nyuma alimwinamia na kumnong'oneza, "Dada, Mungu hapewi wa kushoto." Musimbi akaushusha. Tangu siku hiyo alikaa karibu na mlango.

Wiki ya nane alijaza maji nusu kwenye mtungi wa lita tano, akajaribu kuuinua kwa mkono wa kulia kama Eddah alivyomfundisha zamani. Dalmas akamkuta.

"Unafanya nini?"

"Nirudishie mashine yangu, Baba Mourine. Nimechoka."

"Simeon alisema watu wa bima hutuma watu wapeleleze. Mtu anaweza kuwa hapo nje saa hii."

"Apeleleze nini? Mtungi?"

"Vumilia kidogo."

Alisema hivyo akiwa ameinama, akifungua kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefunguka. Kisha akatoa nyama nusu kilo iliyofungwa gazeti, na unga, na kipande cha sabuni. Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo kuleta nyama.

"Kazi imekuwa poa siku hizi?" Musimbi aliuliza.

"Imechangamka kidogo."

Musimbi alishukuru. Alijiambia kwamba yeye amesimama kufua, lakini Mungu amefungulia mume wake mlango mwingine. Alikata ile nyama kwa mkono wa kushoto, vipande vikubwa vikubwa visivyolingana, na walikula wote watatu wakasema imeiva vizuri.

Daktari wa bima alimwona wiki ya kumi na moja, katika jengo refu la Upper Hill. Simeon alimsindikiza hadi ghorofa ya tano. Alikuwa kijana mwembamba wa tai nyembamba, na njiani alimkagua Musimbi toka kichwani hadi miguuni, nywele zilizokatwa, bega lililoshuka, akaridhika.

"Uko sawa kabisa," alisema. "Yaani, hauko sawa. Unanielewa."

Akabaki nje kwenye viti. Ndani, daktari alimwambia Musimbi avue blausi. Ilimchukua muda. Daktari aliushika mkono kwenye kiwiko na kifundo, akauinua. Ulipofika usawa wa bega Musimbi alipiga kelele.

"Jaribu zaidi."

"Ndio mwisho, daktari."

"Zaidi kidogo."

"Ndio mwisho. Haki ya Mungu."

Daktari aliuachia, akaandika. Alimwambia ainame, ageuke, asukume kiganja chake. Kila kitu akaandika. Musimbi, pamoja na maumivu, alihisi kitu kama faraja: hatimaye mtu anaona. Kisha daktari akageuza kompyuta iliyokuwa mezani na kubonyeza.

Musimbi alijiona. Alijiona ameketi kwenye chumba chake, fulana ya kijani, shingo inang'aa jasho, mkono wa kulia unashuka na kupanda, vyuma vinagongana. Sauti ya Mourine ilikuwa ikihesabu nyuma ya simu kwa furaha. Nane. Tisa. Kumi. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi alivyokuwa. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu. Alisahau alipo, akatabasamu.

"Huyu ni nani?" daktari aliuliza.

"Ni mimi."

"Ni lini?"

"Mwezi wa tatu. Mwaka huu."

"Na sasa huwezi kuinua mkono uchane nywele."

"Niliacha mazoezi. Nikiacha, unashika. Hata yule mama wa mazoezi ya viungo..."

"Kwa nini mtu aache kitu kinachomsaidia?"

Musimbi aliangalia mlango. Upande wa pili wake, Simeon alikuwa ameketi na faili mapajani. Akisema ukweli, wakili ameingia taabani, na kesi imekwisha, na miaka sita imekwenda na maji. Asiposema, labda kuna njia.

"Mashine iliharibika, sasa ni kama miezi mitatu," alisema.

"Miezi mitatu kabla ya kuja kwangu, ikaharibika." Daktari hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka zaidi kuliko alivyokasirika. "Mama, mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na nne. Kuna watu huja hapa na magongo, wakitoka wanayasahau kwa lifti. Vaa nguo zako."

Musimbi alichukua blausi. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ulitafuta tundu, ukalikosa, ukatafuta tena. Alijaribu kuinama ili mkono uning'inie na kujiingiza wenyewe. Kitambaa kikajikunja kwapani. Alianza kutokwa na jasho. Daktari alikuwa akiandika kwenye kompyuta. Dakika mbili zikapita, labda tatu, na chumba kizima hakikuwa na sauti isipokuwa vidole vya daktari na pumzi za Musimbi.

"Mama," daktari alisema bila kugeuza kichwa, "unaweza kuacha sasa. Hakuna mtu anatazama."

Alitoka na blausi imemning'inia upande mmoja, akaishikilia kifuani. Simeon ndiye aliyemvalisha, pale kwenye korido, akitazama kando.

Ripoti ilisema mlalamishi anaigiza. Wakili mwenyewe, ambaye Musimbi alikuwa amemwona mara mbili tu katika miaka sita, alimwita na kumwambia kwamba hakimu akiiona video hiyo watatoka mikono mitupu na pengine walipe gharama za upande wa pili. Bima walikuwa wametoa kitu kidogo ili mambo yaishe. Atie sahihi. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala kama za mtoto. Wakili alipokata chake, kilichobaki kilitosha godoro na kodi ya miezi miwili.

Jioni hiyo Dalmas alisimama katikati ya chumba akimwelekezea Mourine kidole.

"Ni hiyo simu yako! Kila kitu mnaweka huko, kila kitu, hata mama yako akiwa na fulana ya ndani! Umetumaliza!"

"Sikujua, Dad. Nilikuwa proud. Si hata wewe ulicheka?"

"Nilicheka kwa sababu sikujua una akili ndogo hivyo!"

Mourine alikuwa analia hadi makamasi. "Mum, nimeifuta. Nimeifuta hapo tu Simeon aliponiambia. Haiko tena, naapa."

Musimbi, aliyekuwa ameketi kwenye godoro jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni, akainua kichwa.

"Umeifuta?"

"Yote. Hata kwa simu."

"Haikubaki mahali popote?"

"Hakuna, Mum."

Musimbi alichuna nailoni ya godoro kwa mkono wa kushoto. Mourine alidhani amesamehewa. "Nilikuwa nataka kuiangalia tena," mama yake alisema. "Pale kwa daktari niliona kidogo tu."

Hapo Mourine akatoka nje, na walimsikia akilia kando ya ukuta wa Nasike, na Nasike akimwambia maneno ambayo hawakuyasikia vizuri.

"Sasa kesi imeisha," Musimbi alimwambia mumewe. "Kesho lete mashine."

"Kesho sitapata mkokoteni."

Kesho yake ilinyesha. Siku iliyofuata Dalmas alisema Kavoi, mwenzake wa karakana, amesafiri na ufunguo wa stoo. Siku ya tatu hakutoa sababu. Aliondoka mapema bila chai.

Ijumaa Musimbi alivaa rinda ambalo halikuhitaji kuinua mkono, akaenda Kawangware kwa miguu. Ilimchukua asubuhi yote, akipumzisha mgongo kwenye kila ukuta mfupi aliouona. Pale 56 alipita kwenye maduka ya hardware, akapita kwenye saluni zilizopangana, akaingia uchochoro wa mafundi ambapo milango na madirisha ya chuma yalikuwa yameegemezwa pande zote. Kabla ya kufika kwenye karakana ya mumewe aliusikia mlio. Hakuhitaji kuuliza ni wa nini. Aliujua mlio huo kuliko sauti yake mwenyewe. Ila ulikuwa ukienda kasi, bila adabu, vyuma vikiachiliwa vianguke.

Nyuma ya karakana palikuwa na kibanda cha mabati ambacho hakikuwapo zamani. Mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu, JIMU, SIKU 30/=. Kavoi alikuwa ameketi kwenye pipa la rangi, kopo la sarafu miguuni. Alipomwona alisimama haraka hata kopo likalala.

"Shemeji! Hukusema unakuja."

Musimbi alipita kando yake. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya wanaume. Watano au sita walisimama wakingoja zamu, vijana wa kubeba mizigo sokoni na makanga wa matatu, na mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Dalmas alikuwa ameongeza vyuma pembeni, makopo ya rangi yaliyojazwa simiti. Alikuwa ameinua kiti kwa ajili ya watu warefu. Nguzo alizokuwa amezikata ziingie chini ya paa lao, alikuwa ameziunga tena, na kiungo cha welding kilionekana wazi, kipya, kimepigwa msasa.

Dalmas alikuja mbio kutoka mbele, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji.

"Mama Mourine."

"Tangu lini?"

Alijaribu kumvuta pembeni. Hakusogea.

"Nimeuliza, tangu lini?"

"Wiki ya pili," Dalmas alisema. "Kijana mmoja alikuja akauliza kama anaweza kujaribu. Halafu akaleta wenzake. Kavoi akasema tuweke mabati. Mimi sikupanga hivi, haki. Nilikuwa nikuambie."

"Kwa hivyo ile nyama."

"Ungekula nini? Hukuwa unafua."

"Sikuwa nafua kwa sababu ilikuwa hapa."

Yule aliyekuwa kwenye kiti akaachia vyuma. Nje, mtu alikuwa akikata bomba kwa grainda, na wote walisikiliza hiyo grainda kana kwamba ndiyo iliyowaleta.

"Nilipokuomba wiki ya nane, na mtungi mkononi, ulijua," Musimbi alisema.

Dalmas alivua miwani, akaifuta kwa kidole, akairudisha paji la uso. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake; alikuwa amemlisha kwa kijiko miezi minne alipokuwa amefungwa plasta, na hakuwahi kumkumbusha. "Nilijua," alisema. "Kila siku nilisema ni ya mwisho. Halafu inafika jioni naona kopo limejaa, nasema, wacha ifike Jumamosi."

"Ilete nyumbani leo."

"Leo haiwezekani. Hawa wamelipa mwezi. Na kodi ya hapa ni ya Kavoi na mimi, amewekeza pesa yake. Mwisho wa mwezi, Mama Mourine. Naapa."

Musimbi aliangalia mashine. Kisha akaenda akasimama nyuma ya mwanamume wa mwisho kwenye foleni.

"Shemeji, usifanye hivyo," Kavoi alisema. "Kaa hapa, nitaitisha soda."

"Mimi nangoja zamu."

Kijana mmoja wa mbele, mnene wa shingo, alisema, si kwa ubaya, alikuwa hajaelewa: "Sasa huyu ni wa kulipa ama? Si mlisema hakuna kuingiza watu wenu bure? Tulikubaliana."

Kavoi alimtazama Dalmas. Dalmas alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa sarafu ya ishirini na ya kumi, akainama na kuzitia kwenye kopo. Zililia. Aliinuka, akabaki amesimama pale, mikono imening'inia, hajui kama aondoke au abaki.

Zamu yake ilipofika wale wengine walimpisha. Aliketi. Miguu haikugusa chini vizuri, kwa sababu ya kile kiti kilichoinuliwa. Kishikio kilikuwa juu mno, akakishika kwa mkono wa kushoto kwanza, akakishusha, akakihamishia wa kulia.

"Weka ya kwanza," alisema. "Ile ndogo kabisa."

Dalmas alihamisha pini. Musimbi akavuta. Waya ulikaza, na vyuma havikusogea. Alipumua, akakaza meno, akavuta tena, na chuma kimoja, chembamba kuliko vyote, kikapanda kiasi cha vidole viwili. Bega lilimchoma hadi sikioni. Akakishusha taratibu, kama alivyofundishwa, kisigongane. Kisha akavuta tena vidole viwili, na tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono wa kufutia ulikuwa umeshika kiti asianguke.

Alipumzika. Akaanza upya. Jua lilikuwa limefika juu ya mabati, na wanaume waliokuwa wakingoja walianza kuangalia simu zao, wakibadilisha mguu wa kusimamia. Mwishowe yule mnene wa shingo akasogea, akauliza kama wanavyoulizana watu wa jimu, kwa heshima:

"Mama, umebakisha ngapi?"

"Nyingi," Musimbi alisema, akavuta.